Mikono Aliyoikosa Mwalimu wa Ngoma

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hilo sitaliandika. Tulipomwuliza, siku alipokuja kupanga nyumba jirani na kwangu, hakujibu kwa mdomo. Aliinuka kwenye kigoda akatembea uani amepinda mgongo, mkono mmoja kiunoni, mwingine unafukuza nzi, akasema, "Huyo ndiye babu yangu." Wifi yangu akaninong'oneza, "Huyu mwalimu ni mgonjwa." Nikamwambia anyamaze, mgeni hajanywa hata maji.

Tulimwita Mwalimu wa Ngoma, na jina lake la kwenye cheti wengi hatukulijua mpaka anaondoka. Alikuja kufundisha sekondari ya kata yetu, huku Ikungi ndani, mbali kidogo na barabara ya Dodoma. Wenzake walifundisha hesabu na kemia. Yeye alifundisha kucheza. Mimi shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo sikujua kama kitu hicho kina chuo. Nikamwuliza, "Mwalimu, miaka yote hiyo ulikaa chuoni unajifunza kucheza?"

"Hapana, mama. Nilijifunza kuangalia."

"Kuangalia nako kunasomewa?"

"Kunasomewa sana."

Nikaona basi, nchi hii ina mambo.

Na kweli alikuwa anaangalia. Asubuhi moja nilikuwa natwanga uwele, nikahisi macho. Nageuka, Mwalimu amesimama kwenye ua wa miba, kikombe cha chai kimemganda mkononi, anatazama kiuno changu. Nikaunyanyua mchi.

"Unatafuta nini kiunoni kwangu?"

"Shikamoo mama. Sitafuti kiuno. Naangalia uzito unavyohama kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia."

"Marahaba. Na wewe hama hapo, kabla mchi haujahama."

Akahama. Lakini jioni nilimsikia kwake anatwanga. Hana kinu, hana mchi, hana uwele. Anatwanga hewa, huku anajihesabia kwa sauti.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alisema mtu akicheza, mwili wake unasema jambo, na mtu aliyesoma anatakiwa aulize maswali kabla ya kupiga makofi. Anayecheza ni nani? Anacheza wapi? Uzito wa mwili uko wapi? Na nani amekatazwa kuangalia? Aliwakaririsha wanafunzi maswali hayo mpaka wajukuu zangu wakawa wanayasema hata mbuzi akiruka. Mtoto akimwambia, "Mwalimu, ngoma ile inafurahisha," alikunja uso kama aliyelamba shubiri. "Hata pilau inafurahisha. Niambie uzito uko wapi."

Na alikuwa na neno lake moja alilolirudia darasani, sokoni, hata kanisani. Alikuwa hapendi watu wanaosimama mahali pamoja wakirusha mikono wakadhani wanacheza. Alisema ngoma inaanzia kwenye unyayo, inapanda. "Mkono bila mguu si ngoma," alisema. "Hiyo ni kupungia watu tu." Kwaya ya kanisa letu walipomwomba awasaidie, aliwatazama wimbo mmoja akawaambia wanapungia basi ambalo limeshapita. Mzee wa kanisa akasimama, akauliza kama Mwalimu ameokoka. Mwalimu akamjibu kwamba hilo atamwachia Mungu, ila mzee mwenyewe amesimamia visigino, anaweza kuanguka. Hakuitwa tena.

Harusini ndiko kulimharibia jina. Sisi tulijua kwamba msomi wa ngoma ataingia kati atutoe jasho. Wapi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono kifuani, kama askari wa mahakama. Ukimvuta kucheza anasema, "Niko kazini, mama." Harusi ya mtoto wa jirani yetu mwenye mashine ya kukamua alizeti, Mwalimu alimtazama bwana harusi anavyocheza, akasimama, akamfuata baba yake mbele za watu, akamwambia, "Mzee, kijana wako anataka kukimbia. Kifua kinamwangalia mke, lakini miguu yote miwili inaangalia mlango."

Weee! Palichafuka. Mama wa bibi harusi alivua kiatu. Wajomba wakafunga mlango, bwana harusi akazungukwa, akaulizwa mbele ya shemasi kama ana mwanamke mwingine huko Manyoni. Kijana wa watu anatoka jasho, anasema hana, anataka kutoka nje mara moja tu. "Unatoka kwenda wapi?" Akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni tumbo, tangu ule mtindi wa asubuhi. Kufunguliwa mlango kidogo tu, kijana hakuonekana kwa muda mrefu, na wale wajomba waliomchelewesha walitazama chini.

Mwone sasa Mwalimu wetu. Miguu aliisoma sawa. Kweli ilikuwa inaangalia mlango. Maana ndiyo aliikosa. Na mimi nawaambia, mtu yule alikuwa hivyo katika kila jambo: kuona aliona, kuelewa kulimchelewa.

Tena alikuwa na vituko visivyolingana na elimu yake. Mtu aliyefundisha watoto wa watu kuruka na kutua kama paka, alikuwa anagonga kichwa kwenye kizingiti cha nyumba yake karibu kila asubuhi. Baiskeli hakuiweza. Na kuku, jamani. Kaja Singida, kwenye kuku kila mlango, naye anawaogopa. Jogoo wangu akimfuata, Mwalimu anarudi kinyumenyume huku anamsifia, "Ona anavyobeba shingo, mama, ona," na sauti inatetemeka.

Kwenye mtihani wake aliwaambia wanafunzi watembee kama baba zao wanavyorudi kutoka mnadani, ng'ombe akiwa amepata mnunuzi, halafu akiwa hakupata. Wazazi wakasikia. Baba mmoja akaenda shule kulalamika kwamba anadhalilishwa. Akaingia getini amekasirika, bega moja juu, fimbo nyuma ya shingo, anapiga mateke vijiwe. Darasa zima likasimama kumpigia makofi, maana mwanawe alikuwa ametoka kumwiga muda uleule na hakukosea hata kijiwe. Yule baba aligeuka akarudi nyumbani. Nasikia kwa muda mrefu alikuwa hajui atembeeje.

Mimi peke yangu alisema nimemshinda. "Mama, mwili wako hausomeki. Kwenye ngoma umesimama kama nguzo ya umeme." Nikamwambia nguzo ya umeme ina kazi yake, na isiposimama nyote mko gizani. Hakujua. Na nilitaka asijue.

Kwetu kuna ngoma ya kumtoa mzazi. Mwanamke akishajifungua, anakaa ndani analishwa, na siku ya kutoka, wanawake tunaingia kwake, tunafunga mlango, tunacheza, ndipo anatolewa kwenye jua na mtoto wake. Mwanaume haoni ngoma hiyo. Si baba wa mtoto, si mwenyekiti, si mchungaji, si shehe. Na anayeongoza mikono katika ngoma hiyo ni mimi, nilipewa na mama mkwe wangu. Huko nje nasimama kama nguzo. Humo ndani ni habari nyingine.

Mwalimu alipoisikia, usingizi ulimwisha. Lile swali lake la nne, nani amekatazwa kuangalia, sasa aliyekatazwa ni yeye.

Alikuja kwangu amevaa shati la kanisani. "Mama, wasichana wa siku hizi wanajifungulia kituo cha afya, wanarudi na bodaboda, wanapigiwa muziki wa simu. Mnaoijua ngoma hii mmebaki wachache. Mkifa nyinyi, imekufa."

"Tukifa sisi tumekufa sisi. Ngoma haina presha."

"Nataka kuielewa tu. Nikiielewa, nitawafundisha wasichana, itabaki. Nisipoielewa, nitastaafu nikiwa nimefundisha ngoma za watu wote, isipokuwa ya watu ninaoishi nao."

Nilisikia sauti yake inatetemeka kama mbele ya jogoo, na jogoo hakuwepo.

Tukakaa kikao wanawake. Wifi yangu, mwenye mdomo kuliko sisi wote, akasema, "Avae kitenge aje." Alitania. Mwalimu hakujua utani. Siku ya kumtoa mzazi, naye alikuwa mkaza mwanangu, Mwalimu akatokea amefunga kitenge kiunoni na kitambaa kichwani, ndevu zote nje, anasema, "Hodi, wanawake wenzangu." Mzazi alicheka mpaka tukaogopa. Nikatoka na mwiko.

"Toka!"

"Niliambiwa nivae!"

"Na huyo aliyekuambia nitamvalisha yeye!"

Lakini akawa amesimama pale na kitenge chake, mtu mzima, hajui aweke mikono wapi. Nikamwonea huruma, na mimi huruma huwa sina nyingi. Tukakubaliana hivi: kuona haoni, lakini sheria haikusema asisikie. Tukamweka nje ya ukuta wa tembe, kwenye kigoda, ameelekea zizini. Wifi hakuridhika. Alisema mwanaume ana shingo, inageuka. Akachukua kapu la kubebea mahindi akamfunika nalo kichwa chote mpaka mabegani.

Tukacheza. Mara nikasikia nje mguu unajibu. Mwalimu alikuwa anatupokea kwa unyayo, hapo alipokaa, kishindo kwa kishindo. Ndipo mwenyekiti wa kitongoji akapita njia. Akasimama. Anaona kapu limevaa kitenge, linapigapiga miguu mbele ya ng'ombe.

"Wewe ni nani humo?"

"Ni mimi, mwenyekiti. Mwalimu."

"Kuna shida gani, Mwalimu?"

"Hakuna shida. Nasoma."

Mwenyekiti akasema sawa, akaenda zake, na nadhani alipitia kwa mganga.

Ikafika siku ya sherehe shuleni. Mgeni rasmi yupo, maturubai yamefungwa, upepo wetu wa Singida unayang'oa. Sisi mabibi tumewekwa mstari wa mbele. Mwalimu akashika kipaza sauti, akasema wasichana wake watatuonyesha ngoma ya kumtoa mzazi, kwa heshima ya akina mama waliomruhusu kusikia.

Wasichana wakaingia. Jamani, miguu! Ilikuwa ni ileile. Kishindo, kuburuza, kusita, kishindo. Wifi akanifinya mkono. "Amechungulia!" Nikamwambia tulia, lile kapu ulimvika mwenyewe. Miguu ile sikuwahi kuiona kwa watoto wadogo hivyo.

Kisha wakainua mikono.

Mikono haina kishindo. Ukutani haikupita, kapuni haikuingia. Mwalimu hakuisikia, kwa hiyo aliitunga. Wasichana wakatanua mikono wakaanza kupaa kama korongo, polepole, shingo upande, nyuso za msiba. Na yeye kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya kuhuzunisha, "Hapa mama anauaga usichana wake... kama ndege anayekiacha kiota."

Sasa niwaambie, akina mama mtanielewa, na akina baba wasome harakaharaka wapite. Mahali pale mikono yetu haiagi usichana. Mahali pale tunamsema baba wa mtoto. Mzazi anachinjiwa kuku apate nguvu, na kila nyumba kuna mwanaume anayekwenda jikoni kuangalia kama moto umewaka vizuri. Basi mkono mmoja unafunua chungu. Mwingine unaziba jua, unaangalia mlangoni. Vidole vinachomoa firigisi, vinatia mdomoni. Kiganja kinajifuta kwenye suruali nyuma. Mwisho viganja vyote viwili vinainuliwa juu, vimefunguliwa, vinakwenda huku na huku: si mimi, si mimi. Ndiyo sababu wanaume hawaoni. Wangeona, nani angechinja kuku?

Sasa miguu ya mwizi wa firigisi, na juu yake korongo wanalia. Nilijizuia. Mungu anajua nilijizuia. Wifi hakuweza. Alitoa sauti kama filimbi, akateleza kwenye benchi, akaenda chini, na sisi wote tukamfuata kwa kicheko, kanga midomoni, machozi yanatiririka. Mgeni rasmi akatuona. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba ameguswa sana na uchungu wa mama zetu, akanipa leso yake.

Lakini Mwalimu hakuguswa. Alitutazama mabega. Anajua bega linalolia na bega linalocheka. Akashusha kipaza sauti.

Tangu siku hiyo hakunipa nafasi ya kupumua. Kisimani: "Shikamoo mama. Siyo ndege?"

"Marahaba. Siyo ndege."

Gulioni, nimebeba vitunguu: "Ni mvua?"

"Siyo mvua."

"Ni kupeta nafaka? Mikono inapeta?"

"Mwalimu, niuzie nafasi nipite."

Hata msibani, tumekaa kwenye mikeka, marehemu hajatoka ndani, anasogea kidogokidogo mpaka kwenye sikio langu. "Ni kumbembeleza mtoto?" Nikamgeukia nikamwambia akiuliza tena nitamlaza pembeni ya marehemu. Wifi akamwambia ni kuchuma ukwaju, basi akaishi na ukwaju wiki kadhaa, akawafundisha wasichana kuchuma, tukacheka upya.

Alistaafu na akabaki palepale. Sikujua anangoja nini. Au nilijua.

Miaka ikapita. Wifi yangu tulimzika, na nyumba ikawa kimya kiasi kwamba hata jogoo aliwika kwa aibu. Mwaka huohuo Mwalimu miguu ikamkataa. Alianza na fimbo, akaishia kwenye kiti. Wanawe wakasema watakuja na gari kumchukua, arudi kwao upande wa Kilimatinde. Jirani mmoja aliniambia, "Mwalimu anaondoka keshokutwa, na anakuuliza wewe."

Nikachukua kuku, nikamfunga miguu, nikaenda. Nikamkuta amekaa mlangoni, blanketi mapajani. Kumwona kuku akajikunyata.

"Amefungwa, usiogope."

"Anavyobeba shingo, mama..."

"Najua anavyoibeba."

Nikaweka kuku chini, nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Akasema ameshaacha kuuliza. Alisema alimaliza kubahatisha kila kitu kinachofanywa kwa mikono hapa duniani, kimebaki kuchonga mzinga tu. Nikamwambia siyo mzinga. Akacheka kidogo, kisha akawa anatazama miguu yake kama anayetazama viatu vya mtu mwingine.

"Nilidhani nitaibakisha, mama," akasema. "Nimewaachia korongo."

Nikamwambia, "Sikiliza. Mzazi tuliyemtoa juzi alikuwa mwanafunzi wako. Na wenzake walioingia kucheza walikuwa wanafunzi wako. Miguu sikuwafundisha hata kidogo. Wameingia nayo, kishindo kwa kishindo. Mimi kazi yangu siku hizi ni moja, kuwatoa hao korongo mikononi. Wagumu hao, umewafundisha vizuri mno."

Kidevu chake kikawa kinacheza chenyewe.

Nikaangalia njiani. Hakuna mtu. Nikasema, "Mwalimu, mkono bila mguu ni nini?"

"Si ngoma, mama."

"Ni nini?"

"Ni kupungia watu tu."

"Una uhakika? Usije ukageuka baadaye. Mimi nina sheria zangu."

"Nina uhakika. Nimefundisha hivyo maisha yangu yote."

"Basi nimekuja kukupungia."

Nikabana nyayo zangu zote mbili chini zisitikisike. Nikafunua chungu. Nikaziba jua, nikaangalia mlangoni. Nikachomoa, nikatia mdomoni, nikajifuta nyuma, nikainua viganja: si mimi, si mimi.

"Rudia, mama."

Nikarudia. Sasa blanketi likaanza kutikisika. Chini yake miguu ile iliyokataa ilikuwa inatafuta kishindo, dhaifu, lakini mahali pake hasa.

"Anakula," akasema. "Huyu anakula kitu cha wizi. Chunguni... mama, ni mwanaume! Ni baba mtoto!"

"Mimi sijui. Mimi napunga."

"Ni kuku wa mzazi!"

Nikamtazama yule kuku aliyefungwa. Na yeye akamtazama. Kicheko kilichomtoka sijakisikia kwa mtu mzima, kilimpindua kwenye kiti, fimbo ikaanguka, kuku akapiga kelele, naye hata hakumwogopa. "Na mimi nikasema kiota!" alilia. "Mbele ya mgeni rasmi!" Mkaza mwanawe, aliyetangulia kuja kumfungashia mizigo, akatoka ndani mbio, akauliza kuna nini. Nikamwambia Mwalimu ananiaga.

Siku ya kuondoka kijiji kizima kilijaa barabarani. Wakampakia kiti cha mbele, wakashusha kioo. Mwenyekiti alihutubia kwa kirefu. Gari likaanza kusogea, na Mwalimu akatoa mikono yake yote miwili dirishani, akainua viganja, akavipeleka huku na huku, huku na huku, akiniangalia mimi.

Wanaume wetu wakaona anaaga. Mwenyekiti kwanza, kisha mzee wa kanisa, yule wa mashine ya alizeti, baba wa fimbo shingoni, wote wakainua viganja viwili juu kumjibu, barabara nzima, huku na huku: si mimi, si mimi, si mimi.

Nyuma yangu wanawake waliziba midomo kwa kanga. Mimi nilisimama kama nguzo ya umeme. Ila kisigino changu cha kulia, hicho sijui nani alikipa ruhusa.